Tochi ya Ufunguo wa Ikumbi

Mama yangu hapendi kuulizwa ufunguo uko wapi. Ukimuuliza, kwanza anajipapasa kiunoni kuhakikisha upo, halafu anakuangalia kama amekukuta umeingiza mkono mfukoni mwake. Ni ufunguo wa kufuli la ikumbi, ghala yake ya nafaka, na tangu nipate akili umekuwa ukining'inia kwenye kamba ya mkonge aliyoifunga chini ya leso. Analala nao. Anaenda nao kanisani. Jumapili moja mchungaji aliwaambia waumini wainue mikono yote miwili wamwachie Bwana mizigo yao, na mama akainua mmoja. Wa pili ulibaki kiunoni. Mimi nilikuwa nyuma yake nikaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo nisicheke kwa sauti.

Ikumbi yenyewe iko nyuma ya jikoni, nyumbani kwetu Makueni, mahali ambapo ukitoka Emali kwa pikipiki unafika ukiwa na rangi ya barabara. Imejengwa kwa fito na udongo, imeinuliwa juu ya mawe ili mchwa wasifike, na mlango wake ni mfupi hata mimi niliye mfupi nainama. Dirisha haina. Ukimuuliza mama kwa nini, anasema ndengu haziangalii nje. Kwa hivyo hata saa sita mchana, jua likiwa limekaa utosini, humo ndani ni giza tupu. Unaingia kwa kupapasa: hapa gunia la kunde, hapa mbaazi, hapa mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa, na kule nyuma kabisa, vimetundikwa ukutani, vikapu vya kusuka, vyondo vya mbegu ambavyo hata sisi watoto wake hatuvigusi.

Kwetu Ukambani ikumbi ni ya mwanamke. Marehemu baba alikuwa mkali, mtu wa kufoka, lakini akitaka kujua chakula kimebaki kiasi gani alikuwa anasimama nje ya mlango ule, anakohoa kidogo, halafu anauliza kwa adabu. Sijawahi kumwona akiingia. Na siku mwenye ikumbi anapomkabidhi mke wa mwanawe ufunguo, kijiji kizima kinajua amestaafu. Kuanzia hapo anapikiwa, anawekewa kiti kivulini, anaulizwa kwa sauti kubwa kama ameshiba. Kuna kina mama wanaoisubiri siku hiyo kwa hamu. Wangu anaiogopa kuliko nyoka.

Nyoka hakutusumbua. Aliyetuletea balaa ni nge.

Msimu ule nge walimwuma mama mara mbili, zote humo ikumbini. Mara ya kwanza alisugua kitunguu, akanyamaza, tukajua baadaye sana. Mara ya pili alikuwa anashika mshikio wa kiondo cha mbegu, akaumwa kidole gumba, mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko. Akalala kutwa nzima bila kutaka hata uji. Jirani alipoona kuku hawajafunguliwa akaingia, akamkuta, akampeleka zahanati, halafu akampigia kaka simu.

Kaka ndiye kifungua mimba wetu. Ana duka la vifaa vya ujenzi huko Malili, kando ya barabara kuu, na ni mtu mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele nitamsema vibaya. Mimi ni kitinda mimba, nauza mitumba sokoni Emali, na mdomo wangu unajulikana mpaka stesheni.

Kaka alipopiga simu nilikuwa nimekaa jikoni na mama, namchambulia ndengu kwa sababu mkono wake ulikuwa bado mzito. Mama akaiweka simu kwenye spika.

“Mama, chumba chako kimeisha,” kaka akasema. “Kina sakafu ya tailisi, kina taa ya stima, choo kiko ndani kwa ndani. Jumamosi nakuja na pikapu.”

“Malili nitafanya nini?” mama akauliza. “Nihesabu malori?”

“Utapumzika.”

“Nani amekwambia nimechoka?”

“Mama, nge anaweza kukumaliza ukiwa peke yako. Tumekubaliana wote. Ufunguo utamwachia mke wangu, atakuwa akija kuangalia vitu vyako.”

Nikaona mkono ule uliovimba ukienda kiunoni taratibu, ukakaa hapo. Jamani, mimi nimemwona mama akizika mume na sikuwahi kumwona na uso kama ule. Hasira zikanipanda kutoka miguuni.

“Tumekubaliana akina nani?” nikadakia. “Mimi uliniuliza lini? Mwenye makosa ni nge, kaka, si mama! Akiona anaposhika hataumwa. Nitamletea tochi.”

“Tochi nimemletea mimi mpaka nimechoka.”

Hapo alikuwa na haki. Alikuwa amemletea tochi kubwa za dukani kwake, zile za mpini, sijui hata ngapi. Lakini mama shida yake si tochi, ni mikono. Ikumbini unahitaji miwili, mmoja wa kushikilia gunia na mwingine wa kuchota. Basi anaweka tochi chini, anachota, anatoka na ndengu zake, tochi inabaki. Kesho yake iko kwenye banda la kuku. Kesho kutwa iko kwa jirani. Moja ilipatikana kanisani chini ya meza ya sadaka na mpaka leo hakuna anayejua ilifikaje huko.

Ndipo nikapata wazo, na nakwambia ukweli, nililipenda sana wazo langu. Katika maisha yake yote kuna kitu kimoja tu ambacho mama hajawahi kukipoteza. Tochi ifungwe hapo hapo.

“Nitamletea tochi ya ufunguo,” nikamwambia kaka. “Ndogo. Ya kushikwa na meno mikono ikiwa na kazi. Ufunguo ukienda ikumbini na tochi imeenda.”

Kaka akacheka mpaka simu ikakwaruza. “Ile ya watoto? Ile inayolia kama kifaranga ukiibonyeza?”

“Nitaleta tochi mpaka ushangae.”

“Sawa. Jumamosi niko hapo. Ukinishangaza, tutaongea. Usiponishangaza, mama anapanda pikapu na usinipigie kelele.”

Simu ikakatika. Mama akaendelea kuchambua ndengu kwa mkono mmoja. Baada ya muda akasema, bila kuniangalia, “Hiyo tochi iwe nzuri, mwanangu.”

Hebu fikiria kuambiwa hivyo. Mtu ananunua tochi ya ufunguo kama anavyonunua peremende, bila kufikiri. Mimi nilianza kuzifikiria usiku na mchana. Kwanza, lazima iwe ya betri ile nyembamba ya rimoti, ambayo kila kioski kinayo, maana hizi za vibetri vya saa zikizimika ndio kwaheri, na za kuchajiwa zingemfanya mama awe akibisha hodi kwa jirani mwenye sola kila jioni. Pili, iwashwe kwa kuzungusha kichwa. Ya kitufe ingejibonyeza yenyewe ndani ya leso na kumulika tumbo la mama mpaka betri iishe. Pete iwe ya chuma, si ile ya waya inayofunguka ukikohoa. Rangi ya kijani nilikataa katakata, kwa sababu ikianguka kwenye ndengu utaiona mwakani. Na bei iwe ya mtu wa mitumba.

Nikaanzia pale pale Emali. Kuna mchuuzi mmoja mvaa kofia ambaye hutembea na trei shingoni: vitana, vikata kucha, vioo, tochi. Akanitolea moja nyekundu, nzuri ya kuvutia, akaanza kuisifu kama anataka kuiposa.

“Hii, kastoma, haiingii maji.”

“Kweli?”

“Kweli kabisa.”

Mama wa chai aliye karibu na kibanda changu alikuwa na karai la kusuuzia vikombe. Nikaitumbukiza. Ikawaka mara moja, ikafifia, ikafa. Mchuuzi akashika kiuno.

“Nilisema haiingii maji. Nilisema uizamishe?”

Tulizozana mpaka watu wakaacha kununua wakaja kutazama. Mwishoni tukaicheka wote wawili, tukaelewana, nami nikabaki na tochi mfu. Mpaka leo iko kibandani, nafungia kanda ya kupimia kiuno.

Siku ile ilikuwa ya soko la mifugo, na nikiwa bado na hasira zangu nikawaona wafanyabiashara wa mbuzi wakipita. Hao ni watu wa kutoka mbali, wengine upande wa Kitui, wengine upande wa Loitokitok, na ukiwaangalia unajua kila kitu walicho nacho kimepigwa na jua, kimekanyagwa na ng'ombe na kimelaliwa. Nikaona kila mmoja ana bunda la funguo kidoleni, na katika kila bunda kuna kitochi kifupi cha chuma, rangi imebanduka banduka, lakini kizima. Kitu kikiweza kuishi mfukoni mwa mtu wa mbuzi, nikajiambia, kitaishi kiunoni mwa mama.

“Mzee, hiyo tochi umeitoa wapi?” nikamuuliza mmoja.

“Sultan Hamud. Duka la yule mama karibu na reli.”

“Inadumu?”

Akanionyesha alama ya meno ya fahali kwenye chuma. Sikuuliza swali lingine. Nani anamuuliza mtu tochi yake ni ya kazi gani? Si ni ya kumulika?

Ijumaa nikafunga kibanda mapema nikaenda Sultan Hamud. Duka nililipata bila shida. Mwenyewe ni mama Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka kaskazini mashariki, mtu mpole, Kikamba chake kizuri kuliko cha watoto wangu. Akanitolea tochi kadhaa juu ya kaunta, nami nikaanza mitihani. Nikaziangusha sakafuni. Nikazikanyaga. Nikaziuma. Nikaomba ndoo ya maji.

“Dada,” akasema, “unanunua tochi ama unanunua trekta?”

Nikamweleza yote: ikumbi, nge, kaka, pikapu. Akasikitika kwa dhati, akapiga ulimi, akanichagulia moja ya rangi ya fedha iliyokuwa imefaulu kila mtihani. “Chukua hii. Mwanga mweupe, safi. Mama ataifurahia.”

Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona nyingine, nyeusi, fupi, ile ile ya watu wa mbuzi.

“Nataka hii.”

“Hiyo ni ya wafanyabiashara, dada. Wewe chukua...”

“Kwani mimi ni nani? Mimi si mfanyabiashara?”

“Wewe ni mfanyabiashara, lakini hiyo huwa wanatumia...”

“Najua wanaitumia! Nimewaona kwa macho yangu. Nimeona mpaka alama ya meno ya fahali!”

Alijaribu tena kunieleza. Wacha niseme tu kwamba mtu akitaka kunieleza kitu nikiwa nimeshaamua, anapoteza mate yake. Nikaidondosha nyeusi, nikaikanyaga, nikaizamisha. Ikatoka ndooni ikiwa inawaka. Mwanga ulikuwa hafifu, wa zambarau zambarau, lakini duka lile lina mlango mpana na jua lilikuwa limejaa mpaka kwenye kaunta. Mchana kila tochi ni kipofu, nikajiambia.

“Una hakika?” akaniuliza kwa mara ya mwisho.

“Hakika kabisa.”

Akainua mikono, akanifungia.

Jumamosi nilipofika nyumbani pikapu ilikuwa imeshaegeshwa chini ya mgunga. Kaka na wifi walikuwa wanakunywa chai uani. Hakuna kitu kilichokuwa kimefungwa, hakuna sanduku wala godoro, nikafurahi. Halafu mama akatoka ndani na nikaona amevaa gauni lake la kanisani. Furaha ikaniisha. Mama havai gauni lile kwa kukaa nyumbani.

“Haya, fundi wa tochi,” kaka akaniambia. “Tushangaze.”

Nikaitoa mfukoni kama mtu anayetoa pete ya harusi. Nikamwomba mama ufunguo, akanyoosha shingo kama hajanisikia, ikabidi nimpe yeye tochi aivalishe mwenyewe. Akauchomoa ufunguo kwenye kamba ya mkonge, akauingiza kwenye pete ya chuma, akarudisha vyote kiunoni, akatikisa. Vikagongana vizuri. Akatabasamu.

Tukaenda ikumbini. Mama akafungua kufuli, akainama akaingia, nami nyuma yake. Kaka na wifi wakabaki nje, kaka akiwa amesimama pale pale baba alipokuwa akisimama na kukohoa.

Mama akazungusha kichwa cha tochi.

Nilidhani macho yangu yameharibika. Ukutani palitokea doa la zambarau, la kiza kiza, ambalo halikuonyesha gunia wala kiondo. Akaizungusha tena. Zambarau. Akanigeukia, sikumwona uso, nikasikia sauti.

“Mwanangu, hii ni tochi ama ni jeraha?”

Kaka akachungulia mlangoni. Alipoona rangi ile akashika tumbo. Alicheka mpaka wifi akaogopa.

“Hiyo ni ya kuangalia noti bandia!” akasema. “Nauza hizo dukani! Watu wa mifugo wananunua kila wiki, wanamulikia pesa wakiuza ng'ombe!”

Ai, Ngai! Hapo ndipo nikakumbuka kila neno la yule mama wa Sultan Hamud nililomkatiza. Machozi yalinijia, ya hasira, na hasira yenyewe sikujua nimwelekezee nani. Nimeleta tochi ya noti kwa mtu asiyeona gunia. Nimempandisha mama pikapu kwa mikono yangu mwenyewe. Huko nje kaka alikuwa bado anacheka, na wifi sasa akaanza kumsaidia.

“Nyamazeni,” mama akasema.

Alikuwa amegeukia ukuta wa nyuma, penye vyondo vya mbegu. Tochi alikuwa ameinyoosha mbele kwa mkono mmoja.

“Hicho kinachowaka ni nini?”

Nikaangalia. Juu ya mshikio wa kiondo, pale pale anapokishikia kila siku, kulikuwa na kitu cha kijani kinang'aa, kijani cha mishale ya saa ya zamani gizani. Kilikuwa na makucha mawili. Kilikuwa na mkia, na mkia umekunjwa juu.

“Mama,” nikanong'ona, “ni nge.”

Akaondoa tochi. Giza, hakuna kitu. Akairudisha. Nge huyo hapo, anang'aa kama amepakwa rangi; kumbe mwanga wa kuangalia noti huwasha na gamba la nge. Akaiondoa tena, akairudisha tena, na safari hii nikamsikia akicheka kwa chini, kicheko cha msichana. Akavua akala, kiatu chake cha tairi. Pa!

“Huyo ndiye aliyeniuma kidole,” akasema.

Akamulika pembeni. Mwingine, kwenye ufa wa udongo. Pa! Mwingine juu ya gunia la kunde, mdogo. Pa! Mimi nilikuwa nimeshavua kiatu changu pia, napiga kule anakomulika, tunagongana viwiko, mama anapiga kelele “huyo! huyo! anakimbilia mbaazi!” na gauni la kanisani limekunjwa mpaka magotini. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu utotoni. Wale wote walikuwa wakiishi naye humo ndani wakimwona, yeye hawaoni.

“Kuna nini huko?” kaka akaita. Kicheko kilikuwa kimemwisha. “Mama? Mnapigana na nani?”

Mama akatulia. Akapumua. Halafu akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia mlangoni pale.

“Ingia uone.”

Kaka hakusogea. “Niingie?”

“Ingia, nimesema.”

Akainama, mtu mzima mwenye tumbo, akajipenyeza akiwa amevua kofia kama anaingia kanisani. Mama akammulikia ukuta juu ya kichwa chake. Nge wa kijani alikuwa ametulia shubiri moja tu kutoka sikio la kaka. Kaka alipanda juu ya gunia la mahindi kwa mruko ambao sikutegemea kwa mwili ule. Mama akampiga nge, pa!, halafu akaegemea gunia akacheka mpaka akashindwa kusimama.

Basi nilidhani tumeshinda. Kumbe kaka aliposhuka alikuwa amekasirika kwa woga.

“Sasa ndio nimeamua kabisa,” akasema tulipotoka juani. “Wako wengi hivi? Unaondoka leo leo, mama. Panda gari.”

“Walikuwa hapa tangu zamani,” mama akasema. “Tofauti ni kwamba sasa nawaona. Wa kuondoka ni mimi ama ni wao?”

“Malili hakuna nge. Ni tailisi tupu, mama. Hata sisimizi anateleza.”

Mama akafuta akala yake kwenye nyasi, bila haraka, akaivaa.

“Umesema tochi kama hii unazo dukani.”

“Ninazo.”

“Nenda nyumbani kwako. Jua likizama zima taa, umulike hicho chumba changu. Kikiwa safi, njoo kesho, sitasema neno. Nitapanda gari mwenyewe, na ufunguo nitampa mke wako mbele ya watu wa kanisa.”

Wifi akainamisha macho. Kaka akasema haraka, “Sawa, mama,” kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Wakamaliza chai, wakaondoka.

Nikamgeukia mama. “Mama, umefanya nini? Umeweka ufunguo wako rehani kwa chumba cha tailisi?”

“Nenda ukateke maji,” akaniambia.

Nilienda kuteka maji. Nikafagia ua ambao haukuwa mchafu. Nikakaa, nikainuka. Mama alipika muthokoi kama siku yoyote, na kila nilipomwangalia mkono wake ulikuwa kiunoni. Tukala. Jua lilipozama nikaiweka simu katikati ya meza, tukaiangalia. Nilitamani kumwambia kama ni kushindwa tutashindwa pamoja, nitafunga kibanda nije nikae naye, lakini nikaishia kupangusa meza iliyokuwa safi.

Simu ikalia. Mama akaniashiria niiweke kwenye spika.

Kwanza tulisikia wifi akipiga mayowe kwa mbali. Halafu kaka, sauti imekauka.

“Mama.”

“Naam, mwanangu.”

“Wako wawili. Mmoja ametoka chini ya kitanda chako.”

“Na mwingine?”

Kaka akakohoa kidogo. “Ndani ya kiatu changu.”

“Kiatu gani?”

“Cha kanisani, mama. Kile nilichokuwa nivae kesho.”

Mama alicheka mpaka akafunika uso kwa leso. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya stuli, naruka, napiga makofi, kuku wakaanza kupiga kelele bandani. Mama alipopata pumzi akasema, kwa upole kabisa, “Chukua mke wako mje mlale hapa. Kwangu nimeshawaua.”

Hawakuja usiku ule, lakini wiki iliyofuata pikapu ilirudi. Ilikuwa imebeba kile kitanda kipya cha Malili, mama akilalie hapa hapa kwake, na godoro lake, na boksi zima la tochi za noti ambazo kaka aliwagawia majirani. Siku hizi kijijini kwetu jioni ikifika unaona vimwanga vya zambarau vinatambaa kwenye kuta, na watu wanaitana kwa vicheko. Ya mama imeanguka kwenye pipa la maji, imepikwa kidogo na kunde, imekanyagwa na punda, na bado inawaka. Mimi nilirudi Sultan Hamud, nikaomba radhi, nikanunua ile ya fedha yenye mwanga mweupe. Yule mama wa duka alicheka akaniuliza kama safari hii sitaki ndoo. Kwa hivyo pete ya mama ina vitu vitatu: ya kumwonyesha nge, ya kumwonyesha ndengu, na ufunguo katikati.

Juzi Jumapili nilienda naye kanisani. Nikakaa nyuma yake kama kawaida. Mchungaji akawaambia waumini wainue mikono wamwachie Bwana mizigo yao, na mimi nikachukua kitabu cha nyimbo nijifiche uso. Nikasikia chuma kikigonga chuma mara moja chini ya leso, nikachungulia. Mikono yote miwili ya mama ilikuwa juu.